Ng'ombe wa Baba Juu ya Bucha

Dada yangu mdogo ndiye aliyenifunga vifungo vya shati Jumapili ile. Mimi mtu mzima, ndevu zimeanza kuingia mvi, nimesimama katikati ya chumba chake pale Kakuma kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza, na yeye anapanda na vifungo mpaka shingoni. Nikamwambia cha juu akiache. Akasema, "Kaka, leo watu watakuangalia." Sikumwelewa. Ningemwelewa ningerudi kitandani nikasingizia tumbo.

Kumbe walikuwa wamepanga. Matangazo yalipoisha kanisani, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama alisimama akaniita mbele. Nikaenda, ningefanyaje? Akanishika bega akanigeuza niwatazame watu. "Huyu ni kaka wa dada yetu wa hoteli," akasema. "Alikuwa fundi mkubwa huko Lodwar. Mkono wake mnauona." Basi kanisa zima likauona mkono wangu wa kulia, ulivyokonda na kujikunja kifuani. Wakatandika leso sakafuni, kwaya ikaanza kuimba, na watu wakaja kwa foleni: huyu unga, huyu sabuni ya kipande, huyu mafuta ya kupikia. Bibi mmoja, ambaye kwa macho yangu yeye ndiye angestahili kuchangiwa, alifungua pindo la leso yake akamwaga maharagwe. Mimi nimesimama kando ya vile vitu kama mali ya mnada, natazama viatu vyangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na ile sabuni.

Niseme jambo moja ili nisieleweke vibaya. Kwetu Waturkana kuomba si aibu. Mtu anakukuta njiani, salamu ya "ejok" haijakauka mdomoni, ameshakuomba tumbaku, ameshaliangalia shati lako. Ukiwa nacho unampa, usipokuwa nacho mnacheka, na kesho ni zamu yako ya kuomba. Asiyeomba ndiye watu wanayemshangaa, wanasema huyu anajiona nani. Mimi nilikuwa huyo. Nililelewa Lodwar mjini, nikajifunza kujitegemea mpaka ikawa ugonjwa, na nikiona mtu wangu anaomba kitu mbele ya wageni, uso wangu ndio uliokuwa unawaka moto.

Kazi yangu Lodwar ilikuwa kuchora mabango. Kinyozi, hoteli, duka la dawa za mifugo, kibanda cha kuchaji simu: milango mingi ya mtaa wangu nilikuwa nimeipaka mimi. Jua la kule linakula rangi vibaya, upepo nao unakuja na mchanga unasugua, kwa hiyo kazi haikuisha. Na bango la kwetu lazima liwe na picha. Wengi hawasomi, na wanaosoma wanasoma kila mtu kwa lugha yake. Ukiandika kinyozi, chora kichwa. Ukiandika chai, chora kikombe na mvuke wake. Nilikuwa na mkono mzuri. Nasema mwenyewe kwa sababu waliokuwa wakisema waliacha.

Siku ya ajali nilikuwa nyuma ya bodaboda, makopo ya rangi mapajani, tunatoka kumaliza kazi Kerio. Tulipoingia kwenye laga, ule mto wetu usio na maji, gurudumu lilizama mchangani, pikipiki ikalala, na mkono wangu ukabaki chini yake. Dereva aliinuka akajipangusa. Mimi nilibaki pale nimelowa rangi ya bluu, na waliokuja kutusaidia wakawa wanaulizana hii ni damu ya namna gani.

Hospitalini walifanya walivyoweza. Mfupa uliunga, lakini vidole vilikataa kunyooka. Nikawa nafungua kibanda changu kila asubuhi, nakaa ndani, na mteja akija namwambia kesho. Kesho hizo ziliwachosha. Kibanda akapewa mtu mwingine, na mimi nikawa nakula mlo mmoja, siku nyingine hata huo hamna, na kila anayeuliza namwambia niko sawa kabisa. Dada yangu aliambiwa na watu baki. Alikuja na gari la asubuhi kutoka Kakuma, akanikuta nimelala mchana kweupe, akafunga nguo zangu kwenye shuka bila kuniuliza. "Kwa nini hukusema?" Hilo tu.

Ana hoteli ya chai, mabati matupu, kando ya barabara ya kwenda Lokichoggio. Ana watoto wake, ana mzigo wake, na juu ya mzigo huo nikawekwa mimi. Wateja wake walikuwa wakinisalimia kwa heshima, wananyoosha mkono, na mimi nanyoosha wa kushoto. Mtu anasita kidogo, kisha anaushika. Kule kusita kulinimaliza. Chakula nilikuwa nakwenda kula nyuma, kwenye mapipa ya maji, ili wasinione nikijimwagia mchuzi.

Huko nyuma ndiko nilikoanza kuchora tena. Usidhani ni matumaini, ilikuwa hasira. Niliokota kipande cha makaa nikajaribu kuchora kikombe kwenye bati kwa mkono wa kushoto. Jirani wa dada yangu ni fundi cherehani, Mkongomani aliyeingia kambi ya wakimbizi akiwa kijana na sasa ana wajukuu. Alichungulia.

"Ndugu, hii nyama unachora ni mbwa ao ni mbuzi?"

"Ni kikombe."

Alicheka mpaka akaushika ukuta. Nilimtukana kimoyomoyo, nikafuta. Kesho yake akaniletea vipande vya chaki yake ya kushonea. "Chora tena," akasema. "Mi nataka kucheka." Na kweli kila siku alikuja kucheka, na kila siku aliacha kitu: chaki, kitambaa cha kufutia, siku moja kopo la rangi lililobaki chini chini, sijui alilitoa wapi. Akina mama wa kanisani wakaanza kuniletea madumu yao ya maji niyachoree alama ili yasichanganyike kisimani: huyu ua, huyu samaki, huyu nyota. Mkongomani akataka mkasi juu ya mlango wake. Mkasi niliomchorea, Mungu anisamehe, ulionekana kama mtu aliyeanguka kifudifudi. Akaupigilia misumari mbele ya watu wote, na mimi nikawa nikipita pale nageuza shingo. Nilijua ni huruma. Mimi nilishakuwa fundi, bango baya nalijua.

Lakini huruma au si huruma, nilikuwa nimeanza kuamka mapema kwenda kuutazama mstari wa jana. Mstari ulikuwa unanyooka. Nilikuwa nanusa rangi na moyo unanienda mbio kama zamani nilipokuwa kijana. Sikumwambia mtu.

Mwenye bucha ng'ambo ya barabara ni mzee Msomali, ndevu zimepakwa hina, aliyekuja Kakuma miaka mingi iliyopita akafungua mlango wake na hajaufunga tena. Wafugaji wetu ndio wanaomletea mbuzi na ng'ombe. Siku moja alivuka barabara amebeba bati jipya kichwani.

"Fundi, nichoree ng'ombe. Awe mnene. Wallahi watu wamechoka kuona mifupa."

Nikamwambia mkono bado.

"Nimeuona ule mkasi," akasema. "Ng'ombe hawezi kuwa mbaya kuliko mkasi."

Nilijaribu kumchora ng'ombe wa kawaida, wa kwenye vitabu vya shule, akakataa kutoka. Mkono wa kulia ulikuwa unajua ng'ombe wa mabango, huu wa kushoto haukuwa umefundishwa na mtu. Nikafumba macho nikajiuliza, hivi ni ng'ombe yupi ninayemjua mimi? Akaja ng'ombe wa baba.

Mwanamume wa kwetu huwa na ng'ombe dume mmoja anayempenda kuliko wote. Anamtengeneza pembe tangu ndama, anamvisha kengele, anamtungia nyimbo, na watu wanamwita huyo mwanamume kwa jina la ng'ombe wake mpaka lile alilopewa na mama yake linasahaulika. Wa baba yangu alikuwa wa kahawia, tumbo jeupe mpaka mapajani, pembe moja imeelekea juu na nyingine imekunjwa ikapita mbele ya paji la uso. Tulikuwa upande wa Loima wakati huo, mimi mtoto mdogo. Ukaja ukame, ng'ombe wakaisha, na yule naye akafia malishoni, ndivyo tulivyoambiwa. Baba akahamia Lodwar bila mnyama hata mmoja, akawa mlinzi wa geti, na wazee wa kwetu waliendelea kumwita kwa jina la ng'ombe mpaka tulipomzika. Dada yangu alizaliwa mjini. Yeye huyo ng'ombe hakumwona.

Alitoka, jamani. Alitoka mzima. Nilianzia kwenye ile pembe iliyokunjwa, na kutoka hapo mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Nilimwekea kila kitu: masikio na mikato ya utambulisho ya baba, alama ya moto pajani, kengele shingoni. Nililia, haki ya Mungu, nikajifuta na kitambaa cha rangi nikabaki na shavu la kahawia. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: NYAMA SAFI. Mzee wa bucha alipoliona bango akaita watu. Mkongomani alikuja tayari kucheka, akakosa la kucheka. Tukalipandisha juu ya mlango, na mimi nikasimama katikati ya barabara kama mjinga, magari yananipigia honi, namtazama ng'ombe. Kwa mara ya kwanza tangu ile laga sikuwa na aibu ya kitu chochote.

Raha hiyo haikukaa. Wafugaji waliokuwa wakileta mbuzi kwa yule mzee walianza kusimama mbele ya bango. Wanatazama juu, wanaongea kidogo wao kwa wao, kisha wanawageuza mbuzi wao na kuwapeleka kwa mchinjaji wa mbali. Mimi kutoka hotelini nikadhani wanastaajabia kazi yangu. Nikamwambia dada, "Ona wanavyosimama!" Nilikuwa navimba kichwa mchana kweupe. Ndoana nyingi za bucha zikawa tupu, mzee anakaa mlangoni anafukuza nzi, anasema labda ni jua, labda malisho yako mbali.

Kisha mzee mmoja wa Loima akaingia kwa dada yangu kunywa chai. Dada, kwa furaha yake, akamwonyesha. "Ng'ombe wa pale ng'ambo amechorwa na kaka yangu huyu." Mzee akaweka kikombe chini. Akaniuliza baba yangu ni nani. Nikalitaja jina alilokuwa akiitwa, jina la ng'ombe.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. "Mimi nilidhani ni mgeni amekosea. Baba yako alikuwa rafiki yangu, tumelisha pamoja, tumekula pamoja. Sasa nikija sokoni namkuta amening'inizwa juu ya mlango wa nyama, na chini yake mmeandika watu waje wanunue."

Akainuka akaenda. Chai yake haikuguswa.

Nilikaa pale kwenye benchi jasho linanitoka kwenye nyayo. Mimi niliona rangi. Niliona mkono wangu umerudi. Mtu yeyote wa Kakuma angeweza kuchora ng'ombe juu ya bucha na mbingu zisianguke, lakini ni mimi tu niliyeweza kumpandisha baba yangu pale na kumwandikia nyama safi. Na waliokuwa wakigeuza mbuzi wao ni ndugu na jamaa za wale wale walionimwagia unga na maharagwe kanisani. Na yule mzee wa bucha, mtu aliyenipa bati lake jipya wakati hakuna aliyeniamini, biashara yake ilikuwa inakufa kwa sababu yangu na yeye analaumu jua. Dada alikichukua kikombe cha mzee akaimwaga chai nje. Yeye ndiye aliyekuwa akinisifu kwa kila mteja, maskini.

Nikaazima ngazi, nikachukua kopo la rangi nyeupe, nikavuka barabara. Nilitaka kummaliza upesi kabla sijamtazama usoni. Nimeinua brashi tu, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Sasa unamchinja?"

Ni yule mzee wa Loima, na wenzake wawili watatu wameegemea fimbo zao. Nikabaki juu ya ngazi, rangi inanidondokea viatuni. Kumwacha ni kumtukana baba. Kumfuta ni kumuua mbele ya rafiki zake. Nikashuka. Sijui kama umewahi kushuka ngazi mbele za watu huku huna la kufanya chini wala juu. Ni ngazi ndefu.

Nikamweleza mwenye bucha yote, kichwa nimekiinamisha. Nilitegemea anifukuze, na angenifukuza ningemshukuru. Alisikiliza huku akifuta kisu.

"Baba yangu alikuwa na ngamia jike mweupe," akasema. "Angekuwa yeye pale juu, wallahi ningekukimbiza mpaka Lokichoggio." Akacheka kidogo, peke yake. "Bango ni langu. Lakini mume ni wa mama yako. Mwite aseme yeye."

Mama yangu anaishi Lorugum kwa kaka yake. Nilimpigia simu nikamweleza. "Nakuja," akasema.

Alikuja na pikapu mpaka Lodwar, na kutoka Lodwar gari lingine mpaka kwetu. Alishuka na vumbi la njia nzima, akakataa chai, akakataa kukaa. "Nionyesheni kwanza." Tukavuka naye, mimi mbele, dada amemshika mkono. Habari ilikuwa imeshaenea. Wazee walikuwepo, akina mama wa kanisani walikuwepo, Mkongomani ameacha cherehani yake. Mama akasimama chini ya bango akatazama juu muda mrefu.

"Nani amemchora?"

"Mimi, mama."

"Kwa mkono upi?"

"Wa kushoto."

Akatikisa kichwa, sikujua kwa uzuri au kwa ubaya. Kisha akamgeukia mwenye bucha, akamwambia kwa Kiturkana, na mzee yule miaka yote hii Kiturkana anakisikia vizuri, "Nichomee nyama."

Watu wakaguna. Mzee wa bucha mwenyewe akawasha makaa, akachoma mbavu, akampelekea kwenye sinia. Mama akakaa chini, pale pale mchangani, mume wake juu ya kichwa chake, akaanza kula mbele ya wanaume wote wale. "Wee mama," mmoja akaanza. Hakumjali. Meno yake ni machache, alitafuna polepole, sisi tumesimama tunamngoja. Mimi nilikuwa naomba Mungu apite hata upepo wa mchanga utufunike. Alipomaliza ubavu mmoja akainua mfupa.

"Nyama ya ng'ombe huyu ililiwa zamani," akasema. "Na aliyeila ni huyu hapa."

Mfupa ulikuwa umeninyookea mimi.

"Hakufia malishoni. Mume wangu aliwaambia hivyo kwa kuona haya. Huyu mtoto alikuwa anakufa, bandama limevimba mpaka ngozi ya tumbo inang'aa. Lodwar kulikuwa na dawa, na sisi tulikuwa tumebaki na yule mmoja tu. Akamvua kengele, akamfunga kamba, akamvuta mwenyewe kutoka Loima mpaka mlangoni pa bucha, tupate pesa ya dawa. Mimi nikiwa nyuma yake, huyu nimembeba mgongoni. Baadaye akanikataza nisiseme. Nyinyi mkawa mnamwita kwa jina lile lile, na kila mkimwita alichelewa kuitika, mkasema amekuwa kiziwi. Hakuwa kiziwi. Sasa anayetaka kumcheka aende akamcheke kaburini, Lodwar si mbali."

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wananitazama mimi, na safari hii sikuweza hata kutazama viatu. Nimeona aibu nyingi: ya vifungo, ya leso ile kanisani, ya mkono wa kushoto. Zote hizo zilikuwa za mchezo. Mimi niliyekuwa nawaonea haya watu wangu wakiomba tumbaku, mimi niliyekaa Lodwar na njaa yangu nikisema niko sawa, mimi mtu wa kujitegemea, nilikuwa nimekula ng'ombe wa baba yangu na jina lake juu, nikapona, nikakua, nikasahau. Baba alifungua geti la watu mpaka akafa, na mimi nilikuwa nikipita pale na makopo yangu ya rangi sitaki wateja wajue huyo mlinzi ni nani wangu. Hilo nalo nimelisema, basi.

Yule mzee wa Loima alichuchumaa mbele ya mama akanyoosha mkono. Mama akamvunjia kipande cha nyama. Akakila, macho yake yako kwenye bango, na alipomaliza akanyoosha mkono tena. Wenzake wakasogea. Mwenye bucha akaongeza makaa bila kuulizwa, na dada yangu akakimbia kuleta chai kwa sababu hakujua mikono yake aiweke wapi.

Mama akajifuta mikono kwenye mchanga, akatazama juu tena.

"Umekosea," akaniambia. "Umemvisha kengele. Siku ile alikuwa na kamba."

"Nitabadilisha, mama."

"Na baba yako yuko wapi? Ng'ombe alijipeleka mwenyewe?"

Nikamwambia mtu sijawahi kumchora kwa mkono huu. Akasema basi nianze. Hakusema kwa upole.

Ngazi ikarudishwa, Mkongomani na mwenye bucha wakaishika huku na huku. Nikaifunika kengele kwa rangi ya shingo, nikavuta kamba kutoka kwenye pembe mpaka ukingo wa bati. Nafasi ya mtu mzima haikuwepo; ilitosha mkono tu, mkono wa kulia ulioishika ile kamba. Wangu wa kulia haukufaa kuwa mfano, na wa kushoto ulikuwa na brashi, kwa hiyo yule mzee wa Loima aliinua fimbo yake juu, akaikamata, akakaa hivyo hivyo nione vidole vinavyokunjika. Nilichora kidole gumba, nikachora vingine, nikatia kucha, nikatia vumbi la njia. Nilijitahidi kuliko nilivyojitahidi kwa ng'ombe mwenyewe. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama.

"Umevilegeza vidole," akasema. "Kule bucha walimwambia aiachie kamba, na hakuiachia. Ilibidi mimi nimfungue vidole."